Mngoje kwenye ua: jibu kwa mwalimu anayepiga picha vipepeo

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Muheza. Klabu yetu ya mazingira inataka kubandika ukutani picha za vipepeo wanaokuja kwenye maua ya shule na ya nyumbani kwangu. Nina kamera ya kuazima ya megapikseli 18 yenye lenzi mbili, 18-55 na 55-250, pamoja na simu ya kawaida. Nimehangaika mwezi mzima. Nikisogea wanaruka, wakitulia picha inatoka na ukungu. Nimekutumia tatu uone. Je, ninunue lenzi ya makro? Na yule wa rangi ya chungwa ni nani?*

Marahaba, mwalimu. Nianze na swali la pesa ili lisikusumbue tunapoendelea: usinunue lenzi ya makro (ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana), angalau kwa sasa. Hiyo 55-250 inawatosha vipepeo wote wakubwa wa bustani yako. Ivute mpaka mwisho, 250, kisha usogee mpaka pale inapokubali kufokasi, mita moja hivi kutoka kwenye ua. Hapo fremu nzima inabeba upana wa sentimita saba au nane tu. Yule mweusi mwenye madoa ya njano uliyempiga kwenye zinia, akikunjua mabawa, anapita sentimita kumi. Itabidi urudi nyuma hatua moja ndipo aingie mzima. Makro utaihitaji siku utakapowataka wale wadogo wa kijivu na buluu wanaorukaruka kwenye nyasi, ambao bawa lao halizidi ukucha wa kidole gumba.

Shida yako naiona kwingine. Picha zote tatu zimepigwa na mtu aliyekuwa anatembea. Unamwona kipepeo, unamfuata, anahama, unahama, na ukibahatika kumkuta ametua unabonyeza pale pale ulipo, kwa mwanga wowote uliopo, na nyuma yake kuwe na chochote kilichopo. Nilipiga hivyo mwaka mzima nilipoanza. Nilipozipanga picha zangu nikagundua karibu zote zimepigwa kutoka juu, nikiwa nimesimama, kipepeo yuko bapa kama stempu kwenye bahasha. Siku hizi simtafuti kipepeo kabisa. Natafuta ua, nakaa, yeye atakuja.

Anakuja kwa sababu kipepeo hana haja na wewe, ana haja na mbochi, yale maji matamu ya ndani ya ua, na ua lenye mbochi nzuri hulirudia. Ila ua lenyewe ulijue. Chukua zinia. Usitazame zile petali kubwa nyekundu, tazama katikati, pale penye nyota ndogondogo za njano zilizojipanga kwa duara. Kila nyota ni ua kamili lenye tone lake la mbochi. Kipepeo akitua hapo anachomeka mrija wake wa kunywea kwenye nyota ya kwanza, anautoa, anaingia ya pili, huku akijizungusha taratibu kama mshale wa saa. Hiyo inakupa sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Zinia ambayo duara lake la njano limeshakauka likawa kahawia haina kitu, atatua na kuondoka palepale. Zile zinia zilizojaa petali tupu, zinazofanana na waridi, zinapendeza sebuleni lakini kipepeo hapati pa kuingiza mrija. Panda zile za kawaida zenye kitovu wazi. Mbegu ukizimwaga leo, baada ya miezi miwili hivi una maua.

Lantana nayo, ile ya kwenye uzio wako, ina siri yake. Kichala kimoja kina rangi mbili au tatu, kwa sababu ua changa ni la njano na likizeeka hugeuka chungwa, waridi au jekundu. Mbochi iko kwenye yale ya njano, na vipepeo wanalijua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo chagua kichala ambacho katikati bado ni njano, fokasi yako iwe hapo hata kabla hajafika, maana ndipo mrija utakapoingia. (Usiipande mpya, tafadhali. Hiyo iliyopo kwenye uzio inatosha, mashambani inatutesa.) Asumini usiitegemee kwa kazi hii. Harufu yake ni ya jioni, wageni wake ni nondo.

Sasa nakupa kitu ambacho hakiuzwi dukani. Chukua ndoo tupu ya rangi, itoboe chini, panda zinia tatu au nne ndani yake. Hii ndiyo studio yako. Maua ya ardhini yanakulazimisha upige pale yalipo; ndoo unaipeleka unapotaka. Mimi naiweka juu ya benchi, mahali ambapo jua la asubuhi linapiga kutoka ubavuni, na nyuma yake, hatua nne au tano, kuwe na kitu cha kijani kilichotulia: migomba, uzio wa michongoma, hata nyasi ndefu. Mbali hivyo, lenzi ikiwa kwenye 250, ile migomba inayeyuka na kuwa rangi moja laini. Halafu mimi mwenyewe nakaa kwenye mbuzi. Ndiyo, ya kukunia nazi. Kimo chake kinanifanya niwe usawa wa ua, miguu imenyooka mbele, viwiko juu ya magoti, na kamera haitikisiki. Mke wangu amenunua mbuzi nyingine ya jikoni, tumeyamaliza.

Ukishakaa, tulia. Jicho la kipepeo ni maelfu ya vijicho vilivyobanwa pamoja. Halioni vitu kwa undani kama letu, lakini kitu kinachojongea linakinasa haraka mno. Kinachomtisha zaidi ni mambo mawili: kitu kinachokatiza mbele yake kutoka upande hadi upande, na kivuli kinachomwangukia ghafla. Kwa hiyo jua lisiwe mgongoni kwako moja kwa moja, kivuli chako kitamfikia kabla yako. Kanga au mtandio ufunge vizuri, ncha isipeperuke. Akitua, usinyanyue kamera. Iwe tayari imeshanyanyuliwa. Mngoje aingize mrija. Zile sekunde mbili za mwanzo bado anapima usalama, akishaanza kunywa unaweza hata kusogea, taratibu na kwa mstari ulionyooka, ukimwelekea. Nimewahi kufika sentimita thelathini nikipumua kwa pua.

Saa nazo ni muhimu kuliko kamera. Kipepeo hana joto lake mwenyewe la kutosha, misuli ya kifuani inahitaji kufikia nyuzi 30 hivi ndipo imrushe vizuri. Asubuhi anaota jua kwanza, kwenye jani au kwenye ukuta, mabawa wazi kama aliyelalia mkeka. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi anakuwa ameamka lakini bado hajachangamka, na jua bado liko chini kiasi cha kumulika ubavu wa bawa. Baada ya saa nne anakimbia kama mwehu, na jua letu likifika utosini linachora kivuli cheusi chini ya kila petali. Mchana lala. Siku ya mawingu mepesi yenye jua la kuchungulia ni zawadi, na wiki za mwisho wa masika, mvua ikianza kukatika, ndipo vipepeo huwa tele.

Tuje kwenye picha zako.

Ya kwanza, yule mweusi na njano kwenye zinia. Jina lake la kitaalamu ni *Papilio demodocus*, na kama una mdimu au mlimau nyumbani basi umewalea wewe mwenyewe bila kujua, nitalirudia hilo. Petali zimetoka kali, kipepeo ana ukungu. Hapa kuna makosa mawili yaliyojificha pamoja. La kwanza, uliiachia kamera ichague pa kufokasi, nayo kawaida yake ni kukimbilia kilicho karibu zaidi, yaani petali ya mbele. Ingia kwenye menyu, chagua nukta moja tu ya fokasi, ya katikati, uiweke kichwani kwake. Jicho likiwa kali mtu anasamehe mengine yote. Jicho likiwa na ukungu, hata bawa lingetoka kama nakshi ya mlango wa Zanzibar, picha imekufa.

La pili ni mwendo. Vipepeo wa jamii hii hawatulii wanapokunywa. Miguu inashika ua, mabawa ya nyuma yanatulia kiasi, lakini ya mbele yanapiga mfululizo kama mtu anayejipepea kwa kipepeo cha ukindu. Kamera yako ilikuwa kwenye otomatiki, ikachagua shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie) ya 1/160 ya sekunde. Hiyo haiwezi kumsimamisha. Weka gurudumu kwenye M, ili upange mwenyewe, shata 1/1000, tundu la lenzi f/8, halafu ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ijipange yenyewe isizidi 1600. Jua la saa tatu likiwa zuri utaona inaishia 400 au 800, na hiyo kamera inazimudu bila chengachenga za kuudhi. Ukimpata kipepeo anayekunja mabawa na kutulia, shuka mpaka 1/500. Usishuke zaidi, maana ukiwa kwenye 250 mkono wako pia unatikisika.

Kwa nini f/8? Kwa sababu ukiwa karibu hivyo, sehemu inayotoka kali ina kina cha milimita nne tu, unene wa punje mbili za mchele zilizolaliana. Ukifungua tundu mpaka 5.6 zinabaki tatu. Ukilibana mpaka f/16 unapata karibu milimita tisa, lakini unalipa kwa ISO kupanda na picha nzima kulegea kidogo. Sasa fikiria kipepeo aliyekunja mabawa juu ya mgongo: ni kitu chembamba kama bahasha. Ukimpiga kwa mshazari, jicho litakuwa ndani ya zile milimita nne na ncha ya bawa itakuwa nje. Ukijisogeza mpaka uso wa lenzi ulingane na uso wa bawa, kama unavyolinganisha simu na karatasi unapopiga picha cheti, mwili mzima unaingia. Mara nyingi ni suala la kuhamisha goti kwa upana wa kiganja. Mambo yangu mengi ya ukungu yaliisha siku nilipoelewa hili, na halikunigharimu senti.

Picha ya pili, yule wa chungwa kwenye lantana, kwa kweli ina ukali mzuri. Kilichoiharibu ni kamba ya nguo: kuna shati jeupe nyuma ya papasi zake (vile vipembe vyembamba vya kichwani), na jicho la mtazamaji linaenda kwenye shati. Umepiga ukiwa umesimama, kwa hiyo nyuma yake pia kuna udongo mweupe na kandambili. Ungepiga magoti, vyote vitatu vingetoweka na angebaki yeye na majani. Kabla kipepeo hajafika, piga ua tupu. Litazame kwenye kioo, zungusha macho pembeni mwa fremu, ondoa kinachokera. Akifika hutakuwa na muda wa kuanua nguo.

Ya tatu ni ya simu, kipepeo mweupe saa saba mchana. Bawa limeungua, limekuwa karatasi tupu, hakuna hata mshipa mmoja unaoonekana. Kamera inaona majani mengi meusimeusi, inaongeza mwanga kwa ajili yao, mweupe anaunguzwa. Kwenye simu, gusa kipepeo kwenye kioo na usiachie kidole mpaka fokasi na mwanga vifungwe, halafu buruta kile kialama cha jua chini kidogo mpaka mishipa ya bawa ionekane. Kwenye kamera, hao weupe wapunguzie mwanga kwa thuluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga cha kamera): ukiwa kwenye M, ifunge kwanza ISO isijipange yenyewe, kisha pandisha shata kutoka 1/1000 hadi 1/1600. Majani yakitoka meusi kidogo, vizuri zaidi.

Maadamu tuko kwenye simu: kama ina lenzi ya kuvuta mara mbili au tatu, tumia hiyo, ukae sentimita thelathini au arobaini. Ile hali inayoitwa makro kwenye simu nyingi inataka uwe sentimita chache kutoka kwake, na hapo ama ataruka ama simu yenyewe itamtia kivuli. Piga kwa kitufe cha sauti, kidole kisitikise kioo. Na hali ya "picha ya mtu", ile inayotia ukungu wa bandia nyuma, izime. Haijui papasi ni nini. Inazikata, unabaki na kipepeo aliyenyolewa.

Kuhusu vivuli vikali, wewe ni mwalimu, dawa unayo kabatini: karatasi nyeupe ya manila. Ikunje mara moja, isimamishe upande wa kivuli wa ndoo, nje kidogo ya fremu, iegemeze kwenye jiwe isipepee. Mwanga unaruka kutoka kwenye karatasi na kuinua upande wa giza. Iweke mapema tu, ukiichomoa kipepeo akiwa pale umemfukuza.

Kuna mtu atakushauri umkamate, umweke kwenye friji dakika kumi, umpachike kwenye ua akiwa amezubaa. Usifanye, na wanafunzi wako wasikuone ukifanya. Mbali na ukatili, picha yenyewe inasema: miguu haishiki petali, mrija umejikunja, mabawa yamelala kwa namna ambayo aliye hai halali. Ukitaka kipepeo aliyetulia kwa halali, nenda kwenye mdimu wako. Tafuta kwenye majani machanga kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Huyo ni kiwavi wa *demodocus* akiwa mdogo. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoa kipembe cha rangi ya chungwa nyuma ya kichwa chenye harufu kali ya kukera. Watoto watampenda. Akishakuwa pupa kwenye kijiti, yaani amejifungia ndani ya ganda akigeuka kipepeo, hesabu wiki mbili hivi. Siku pupa inapoanza kuwa nyeusi na madoa ya njano kuonekana kwa ndani, kata kijiti taratibu, kichomeke kwenye ndoo yako ya zinia jioni. Kesho asubuhi akitoka atajining'iniza palepale akikausha mabawa, saa nzima au zaidi, hawezi kwenda popote. Usimguse, yale magamba ya bawa ni unga, yakitoka hayarudi. Piga upendavyo, mngoje aruke mwenyewe. Na huko juu kwenu Amani kuna wanakijiji waliowahi kufuga vipepeo kwa ajili ya kuuza pupa nje, kama wenzao wa mradi wa Kipepeo pale Gede, Kenya, walioanza mwaka 1993. Ukipata mwanafunzi mwenye shangazi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, mwalike klabuni. Atawaambia kiwavi gani anakula jani gani kuliko nitakavyoweza mimi.

Sasa yule wa chungwa, na hapa naomba uwe mwangalifu kabla hujaandika jina ukutani. Kuna wawili wanaofanana. Mmoja ni *Danaus chrysippus*, ambaye kiwavi wake hula mimea yenye utomvu wa maziwa na kujijaza sumu yake, kwa hiyo ndege wakishamwonja mmoja wanawaacha wengine. Mwingine ni jike la *Hypolimnas misippus*, hana sumu hata chembe, ameazima tu vazi. Wote ni chungwa, wote wana ncha nyeusi yenye madoa meupe. Watofautishe kwa bawa la nyuma: *chrysippus* ana madoa meusi madogo matatu au zaidi katikati yake, yule mwigaji ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Nimeikuza picha yako mpaka mwisho na naona doa moja. Ni mwigaji.

Dume lake halifanani naye kabisa. Ni jeusi, na kila bawa lina doa kubwa jeupe lililozungukwa na mng'ao wa zambarau. Huenda umeshampiga ukamfuta, kwa sababu ule mng'ao si rangi iliyopakwa, unatokana na jinsi magamba yanavyorudisha mwanga, na ukiwa pembe mbaya unaona doa jeupe kwenye bawa jeusi basi. Akitua akiota jua, piga moja, jongea nusu hatua, piga tena, jongea tena. Ghafla zambarau inawaka kama taa. Ana tabia ya kushika eneo lake na kulilinda, akiruka subiri palepale, mara nyingi hurudi kwenye jani lilelile.

Kuhusu kuchapisha: megapikseli 18 zinatoa A3 safi kama hukukata kitu. Ukilazimika kukata mpaka ibaki nusu ya upana, ishia A4. Mpe wa stesheneri faili lenyewe kwenye flashi. Ukimtumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida linabanwa, na zile mishipa za bawa ulizozipigania zinaondoka njiani.